Khanga za Ushindi Kabla ya Kura

Jumatatu, 30 Machi

Msabaha kapitishwa! Atagombea Uwakilishi jimbo la Mtondooni, uchaguzi mdogo, kura tarehe 17 Mei. Kaka wa marehemu mke wangu ndani ya Baraza la Wawakilishi Zanzibar! Habari imenikuta kwenye lifti ya jengo letu hapa mtaa wa Xiaobei, China, nimebanwa kati ya mabelo mawili ya jinzi. Nikapiga ukelele. Mkongo mmoja akadhani nimekanyagwa, akaniomba radhi.

Msabaha katuma ujumbe wa sauti kwa ukoo mzima. Mimi kaniita "shemeji yetu wa China". Anaomba dua tu. Dua tu! Mtu hasemi "tu" bure. Nimeirudia sauti mpaka simu ikapata moto.

Tangu Kazija afariki, simu za kwao zimepungua. Kwanza ilikuwa kila Ijumaa. Halafu kila mwandamo wa mwezi. Sasa Idi kwa Idi. Siwalaumu. Mkwe aliyefiwa na mke ni kama kiti cha kuazima baada ya shughuli. Hakuna anayekichukia, ila watu wanatazamana nani akirudishe. Mtoto hatukujaaliwa. Kilichobaki kati yangu na wao ni doti moja ya khanga. Kazija alipokuja kunifuata huku aliikata katikati. Upande mmoja alimwachia mama yake, Bi Fathiya. Wa pili alikuja nao. Wa mama uko sandukuni mwake. Huu mwingine uko chini ya mto wangu.

Sitaki kusahauliwa na wale watu. Nimelisema. Basi.

Mpango: khanga za ushindi! Uso wa Msabaha katikati, chini yake "Hongera Mheshimiwa Msabaha", wanawake wote wa ukoo wavae sare siku ya kuapishwa. Watauliza nani kaleta. Watajibiwa ni Maulid.

Tatizo ni meli. Kutoka bandari ya Nansha mpaka Unguja ni zaidi ya mwezi. Nikingoja matokeo, khanga zitafika sherehe imeshasahaulika. Kwa hiyo ushindi lazima upakiwe kabla ya kura.

Bi Fathiya asijue. Kwake hilo ni uchuro mtupu. Kwao hata nguo ya mtoto hainunuliwi mpaka mtoto alie.

Wapinzani ni Ghalib, mwenye duka la mbao, na Bi Shamsia, mkunga. Huyo mkunga hatumhesabu.

Alhamisi, 2 Aprili

Nimekwenda soko la vitambaa la Zhongda kwa laoban Liang. Laoban ndiyo bosi, na huyu mama ni bosi kweli. Akataka sampuli ya pindo. Nikamwonyesha picha kwenye simu. Akasema meiyou, hakuna, picha haina rangi ya kweli.

Nikarudi nyumbani, nikatoa khanga ya Kazija. Pindo la korosho, nyekundu na nyeusi. Nilifikiri Bi Fathiya akiliona pindo lile, moyo wake utalainika hata kabla hajasoma maandishi. Nilijiona mwerevu sana.

Nikamkabidhi laoban Liang, nikaenda kuswali. Kurudi, kona moja haipo! Kipande cha ukubwa wa kiganja kimebanwa kwenye ubao wa sampuli, pamoja na vipande vya watu wengine. Mkasi bado uko mkononi mwake. Kila kiwanda hukata kipande. Nimefanya kazi hii miaka, nimeona wakikata, na mimi mwenyewe nimewahi kuwashikia kitambaa kisicheze. Nikamwachia!

Laoban Liang akaniuliza mbona nimekaa chini. Nikamwambia jua. Tulikuwa ndani.

Jumapili, 5 Aprili

Kiwanda kimefungwa. Leo Wachina wanafagia makaburi. Laoban Liang kaenda kaburini kwa mama yake na machungwa na maua, kanitumia picha. Kaburi linameremeta. La Kazija liko Mtondooni. Mara ya mwisho kuliona lilikuwa bado ni mchanga mbichi.

Khanga nimeikunja kona iliyokatwa ikae ndani. Ukiikunja hivyo huoni kitu. Ukiikunjua tu.

Jumatatu, 6 Aprili

Nimemkuta Dullah kwenye mgahawa wa Dainess. Dullah ni wakala wa mizigo, ofisi yake iko chini ya chumba changu, na kwa bahati mbaya yangu ni binamu wa Ghalib. Kavaa kofia ya Ghalib. Ameagiza za jimbo zima, zinakwenda kwa ndege. Kwa ndege! Akaniambia kwa sauti, watu wote wasikie, "Yakhe, mwambie shemeji yako arudi kwenye karafuu zake. Ghalib keshashinda, zimebaki kura."

Dainess, ambaye ni mtu wa Moshi na hana jimbo Unguja, akamwuliza kama kofia ndiyo inapiga kura. Dullah akacheka. Mimi sikucheka. Ubwabwa wangu ukapoa.

Nimerudi chumbani. Na kama kweli? Msabaha akishindwa, halafu yafike mabelo yenye "Hongera Mheshimiwa"? Bi Fathiya atayafungua mbele ya majirani. Nitakuwa nimewacheka msibani.

Kazija alikuwa akisema mimi hufungua mwavuli chumbani. Akisema hivyo huku kaziba mdomo kwa ncha ya khanga, mabega yakitikisika. Ni ncha ileile.

Jumanne, 7 Aprili

Mpango mpya, wa siri kabisa. Nusu ya khanga ziwe za Msabaha. Nusu nyingine ziwe za Ghalib! Pindo lilelile, uso tofauti. Akishinda Msabaha, za Ghalib zinabaki stoo kimya. Akishinda Ghalib, za Msabaha zinatoweka na mimi nauza zile. Si usaliti. Ni tahadhari. Hata nahodha hubeba boya.

Laoban Liang akauliza hawa wawili ni ndugu? Nikasema ndiyo, kwa namna fulani.

Ijumaa, 10 Aprili

Khanga zimetoka. Nzuri! Msabaha anaonekana kama anayetaka kupiga chafya, lakini ni yeye.

Balaa ni kwamba kontena pekee linalowahi ni la Dullah. Nikamwambia ni mashuka ya hospitali. Dullah hukagua kila belo, ndiyo kazi yake. Akapitisha wembe pembeni, akavuta kitambaa. Alinichungulia nani? Ghalib!

Dullah akanikumbatia. Machozi yalimtoka. "Kumbe u mwenzetu, yakhe! Na unajificha! Unawaogopa wakwe?" Kabla sijajieleza, kanitupia khanga ya Ghalib begani na kunipiga picha. Nilitabasamu. Mtu akinielekezea kamera hutabasamu, ndivyo nilivyolelewa.

Picha kaituma kwenye kundi la kampeni ya Ghalib. Watu wote wa Mtondooni wamo humo, pamoja na wasiompenda Ghalib. Hasa wasiompenda Ghalib.

Jumamosi, 11 Aprili

Ujumbe wa Msabaha ulikuja asubuhi. Maneno machache: "Shemeji, nimekuona. Umependeza."

Nimemwandikia Bi Fathiya salamu. Kasoma. Hakujibu. Nikaandika tena kwamba huku kuna mvua. Kasoma. Nikaandika kwamba mvua imekatika. Hata hiyo kasoma.

Dullah kaninunulia chai mbele za watu, ananiita kamanda.

Jumatatu, 13 Aprili

Nimekwenda Nansha kuyarudisha mabelo. Treni ya chini ya ardhi mpaka kituo cha mwisho, halafu teksi. Nilikuwa nimepanga hotuba ya Kichina kuhusu mkwe mgonjwa. Mlinzi wa geti alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akanionyesha kwa kidole meli inayoondoka.

Nikaipungia mkono. Sijui kwa nini. Mlinzi naye akapunga.

Ijumaa, 17 Aprili

Maonyesho ya biashara Pazhou. Nimezunguka kumbi mpaka nyayo zikaungua, natafuta zawadi ya kumrudisha Msabaha. Nimeipata! Kipaza sauti cha mkononi, kile wanachotumia wauza matunda mitaani, kina nguvu ya kuamsha mtaa. Mgombea mwenye sauti ndiye mgombea. Kijitabu chake ni Kichina kitupu, nimekitupa.

Pius, mwanafunzi wa udaktari anayerudi likizo kupitia Unguja, kakubali kukibeba. Aliniuliza mara mbili kama kinaweza kujiwasha chenyewe kwenye begi. Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Mimi kumwambia mtu asiwe na wasiwasi!

Jumatatu, 27 Aprili

Msabaha kashukuru! "Ahsante shemeji, kipaza kimefika." Kaniita shemeji, na safari hii hakutaja nguo. Atakitumia kwenye mdahalo wa wagombea wote, uwanja wa skuli.

Nimelala vizuri. Nimeota Kazija anamenya machungwa, ganda moja refu bila kukatika, kama alivyokuwa akimenya.

Jumatatu, 4 Mei

Nisingelala.

Mdahalo ulikuwa jana. Nimeletewa video na Dullah, kwa furaha. Msabaha anasimama. Kanzu nyeupe, kofia ya mkono. Anainua kipaza changu, anabonyeza, na mwanamke wa Kichina anaanza kupiga kelele uwanja mzima: tikiti maji tamu, tikiti maji rahisi, njoo, njoo! Msabaha anabonyeza tena. Tikiti linazidi utamu. Anampa msaidizi wake, msaidizi anakikalia. Linaendelea chini ya makalio. Ghalib anainuka kusaidia, anakipiga chini, sasa kinaimba haraka zaidi. Watoto wanacheza.

Ndipo anakuja Bi Shamsia, taratibu, mkunga yule. Anakichukua, anakigeuza kama mtoto mchanga, anafungua mlango wa nyuma, anatoa betri. Kimya. Halafu anasema, "Haya. Tulikuwa tunazungumzia maji ya bomba." Uwanja mzima unasimama kumshangilia.

Nimemwonyesha Dainess. Akasema huyo mama ndiye mshindi. Nikamwambia siasa hazijui. Nusu ya jimbo kawazalisha yeye, akasema, unafikiri mtu anamsahau aliyempokea duniani? Nikamwambia anipe hesabu yangu niondoke.

Bi Fathiya bado anasoma tu.

Jumapili, 17 Mei

Leo ndiyo leo. Huku kura hatuna, tuna mifagio tu. Nimeshika tasbihi, nimeiacha, nimefagia chumba, nimefagia ngazi, nimefagia mbele ya ofisi ya Dullah. Dullah alikuwa amekaa sakafuni, kofia ya Ghalib imelowa jasho. Hakunitania. Hapo nikaogopa zaidi.

Malaichi, matunda ya huku, yameingia sokoni. Kazija alikuwa akiyaita shokishoki zilizonyolewa ndevu. Mbegu zake aliziweka kikombeni, akisema atazipanda kwao. Kikombe ninacho. Mbegu zimekuwa kama vifungo vya koti.

Nimeomba dua ndefu kwa ajili ya Msabaha. Mwishoni nikaongeza kidogo kwa ajili ya Ghalib, kwa sababu ya khanga.

Jumatatu, 18 Mei

Kashinda Bi Shamsia!

Narudia, nisije nikadhani nimekosea kuandika. Bi Shamsia, mkunga, ndiye Mwakilishi wa Mtondooni. Wa pili Ghalib. Wa tatu Msabaha. Na si kwa kura chache. Kina mama wa jimbo zima walipanga foleni kabla ya jua.

Khanga zangu zote mbili! Nilijikinga kushoto, nikajikinga kulia, mvua ikanyesha kutoka chini!

Mimi na Dullah tumekaa meza moja kwa Dainess. Dainess akatuletea samaki bila kuulizwa. Akasema, "Si mlisema mkunga hahesabiwi? Basi leo kahesabiwa." Kisha akatuwekea pilipili, kwa huruma.

Dullah akanong'ona kwamba kontena linafika wiki hii. Na anwani ya mabelo ni nyumba ya Bi Fathiya. Anwani niliandika mimi, tangu khanga zilipokuwa za Msabaha peke yake.

Ijumaa, 22 Mei

Mabelo yamefikishwa. Dullah kathibitisha. Bibi mmoja alitia sahihi.

Sili. Nimemwandikia Bi Fathiya kwamba kuna kosa la kiwanda. Nikafuta. Nimeandika kwamba ni mashuka. Nikafuta. Nimeandika "Mama, nisamehe". Hiyo sikuifuta. Kasoma.

Jumamosi, 23 Mei

Sauti ya Bi Fathiya! Ndefu. Nilitoka nje, nikasimama chini ya daraja la barabara ya juu, nikaweka simu sikioni kwa mikono miwili.

Kasema amefungua belo la kwanza, kamwona Ghalib, akataka kuita watoto wawashe moto. Kafungua la pili, kamwona mwanawe mwenyewe anapongezwa kwa jambo ambalo hakulipata. Akakaa chini. Akasema, "Kumbe uliwachapishia wote wawili. Marehemu alikuwa akiniambia, mama, mume wangu hufungua mwavuli chumbani. Nikidhani anatia chumvi."

Nilisikia jogoo wa kwao. Akasema kisha akaliona pindo.

Alikwenda sandukuni akatoa upande wake, akauweka juu ya khanga mpya. Korosho kwa korosho. Wekundu uleule. Akasema alilia, na majirani wakadhani ni kwa sababu ya uchaguzi, wakamwambia Mungu atampa Msabaha mwaka mwingine.

Sasa wanawake wa ukoo wameshika mikasi. Wanatoa nyuso, wanaunga mapindo. Watayavaa kwenye hitima ya Kazija, mwezi wa saba, sare wote. Nyuso zilizotolewa ziko jikoni. Waheshimiwa wote wawili wanashikia masufuria ya moto. Msabaha mwenyewe kamwona Ghalib anaipua wali, kacheka kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Mwisho akasema, "Na wewe uje, mwanangu. Njoo na upande wa Kazija, tuziweke pamoja siku ile. Usije mikono mitupu ukaniambia mvua imekatika."

Mwanangu!

Jumatano, 27 Mei

Idi. Nimeswali, nimelia kidogo, nimekula nyama. Kisha nikakumbuka kona.

Jumamosi, 30 Mei

Nimekwenda kwa laoban Liang kuomba kipande changu. Kilikuwa bado ubaoni, kati ya maua ya Naijeria na mistari ya mtu wa Mali. Akauliza kina nini kipande hiki. Nikamwonyesha picha ya Kazija kwenye simu. Akakibandua mwenyewe, akakipangusa vumbi, akanipa kwa mikono miwili kama wanavyotoa vitu vya heshima.

Dainess kakishona. Mshono unaonekana, ila ni mshono mzuri. Akaniapisha kwa Mungu wake na wangu kwamba khanga hii haitoki chumbani mpaka siku ya safari. Nimeapa. Nimejifunza. Tangu leo mimi ni mtu wa kusubiri mambo yatokee kwanza.

Jumapili, 7 Juni

Habari nzito! Ghalib kaenda mahakamani kupinga matokeo. Dullah kasema mahakama ikikubali, kura inarudiwa. Na ikirudiwa, itakuwa mwezi wa nane. Na kama ni mwezi wa nane, meli ya mwisho ya kuwahi inaondoka Nansha mwanzoni mwa Julai.

Mtu mwenye akili hangoji mahakama.

Nimeona kosa langu la mwanzo lilikuwa wapi. Niliweka nyuso mbili, na wagombea walikuwa watatu! Safari hii ninachapa za Msabaha, za Ghalib na za Bi Shamsia. Sioni tena panapoweza kuharibika. Bi Fathiya asijue mpaka zifike.

Nimetoka Zhongda sasa hivi. Laoban Liang kafurahi kuniona, lakini akasema meiyou, ubaoni hakuna tena pindo lile, kipande nilikichukua mwenyewe. Bahati nzuri nilikuwa nimebeba khanga mfukoni, endapo itahitajika. Nimemkabidhi na kumwonya kwa Kichina, kwa Kiswahili na kwa vidole: asikate. Kanielewa kabisa. Aliitikia kwa kichwa mara nyingi, na mkasi alikuwa ameuweka mezani nilipomwachia khanga nikaja kuswali.